Umenunua pikipiki iliyotumika? Anzia hapa kabla ya urembo

Mwaga oili injini ikiwa na joto kidogo, uchafu utoke nayo. Ukiona chembe nyingi za chuma zinazong'aa, fundi aangalie injini kwanza. Weka plagi mpya na chujio jipya la hewa.

Tairi lina tarakimu 4 ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokakamaa na kupasuka hauishiki barabara yenye maji, hata kama haujalika.

Cheni ipime katikati, mahali inapokaza zaidi unapozungusha gurudumu. Kwa pikipiki nyingi za barabarani inatakiwa icheze milimita 20 hadi 30. Meno ya sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) yakichongoka, badilisha sproketi na cheni pamoja. Sproketi mbovu huila cheni mpya upesi.

Sasa taa za ziada, na hapa ndipo nyaya huungua, kwa sababu watu hudokoa umeme kwenye waya wa taa kubwa. Taa 2 za wati 20 kwenye volti 12 hula takriban ampea 3.3. Chomoa kwanza hasi ya betri. Vuta waya mpya kutoka kwenye chanya, funga fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, kisha pitisha kwenye rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) inayoamshwa na swichi ya ufunguo, la sivyo utazisahau zikiwaka. Ukimaliza, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Waya unaovutika hukatika ndani huku ganda likiwa zima, na kuutafuta ni kazi.

Keria na gadi: kaza boliti, endesha kilomita 100, kaza tena.