Jinsi ya kumwingiza mtu ndani ya jengo la maboksi kwa kioo kimoja

Katika Metropolis, filamu bubu ya Fritz Lang iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin Januari 1927, vijana wanashindana mbio chini ya kuta ndefu ajabu za uwanja wa michezo. Sehemu ya juu ya kuta hizo ni modeli tu, yaani jengo dogo la mfano. Iliunganishwa na wakimbiaji kwa njia aliyoibuni Eugen Schüfftan: kioo cha kujitazamia mbele ya lenzi huakisi modeli, na sehemu yake iliyokwanguliwa humwonyesha mtu aliye nyuma; picha moja, mkanda mmoja. Kwangu hiyo ni sanaa kamili, na unaweza kuifanya nyumbani.

Tafuta simu yenye stendi, kioo cha kama sentimita 30 kwa 40, maboksi ya kujengea modeli, kitambaa cheusi, wembe na glovu.

1. Piga hesabu kwanza. Usiiruke hatua hii, kwa sababu hapa ndipo jicho linapokubali au kukataa. Modeli ikipunguzwa mara 10, mlango wa mita 2 unakuwa wa sentimita 20, na mtu lazima awe mbali mara 10 kuliko modeli. Umbali wa modeli hufuata njia ya mwanga: lenzi hadi kioo sentimita 40, kioo hadi modeli 60, jumla mita 1. Basi mtu asimame mita 10 kutoka kwenye lenzi, nyuma ya kioo. Kimo nacho kifuate hesabu hiyohiyo: lenzi ikiwa mita 1.5 juu ya sakafu ya mtu, sakafu ya modeli iwe sentimita 15 chini ya lenzi. Ukikosea hapo, mtu ataonekana anaelea.

2. Jenga kinyume. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo geuza modeli, hasa ikiwa na maandishi. Iweke ubavuni mwa kioo, na kioo kiinamishwe nyuzi 45.

3. Chora, kisha kwangua. Ukitazama kwenye simu, msaidizi achore kwa kalamu juu ya kioo mahali mtu atakapoonekana. Pima mchoro kutoka kwenye kingo na uuhamishie mgongoni mwa kioo, ukikumbuka kwamba huko pande zimebadilishana. Lainisha rangi ya mgongoni kwa dawa ya kuondolea rangi, kisha ukwangue taratibu hadi kioo kibaki wazi. Mpaka upitishe kwenye mstari wa jengo: kizingiti, nguzo, ukingo wa ukuta. Kwa kuwa kioo kiko karibu mno na lenzi, mpaka huo utafifia wenyewe, na ufifiaji huo ndio unaoficha kiungo.

4. Ondoa mwakisiko. Kioo kilichokwanguliwa bado huakisi kidogo. Jaribio langu la kwanza, dirisha la boksi lilikaa kifuani mwa mwigizaji kama mzimu. Funika kwa kitambaa cheusi sehemu ya modeli inayoangukia kwenye uwazi.

5. Taa na fokasi. Mwanga utoke upande mmoja kwenye picha. Kwa sababu ya kioo, taa ya modeli huwekwa kinyume na ya mtu. Funga fokasi karibu mita 2, si katikati ya mita 1 na 10, kisha funga na kiwango cha mwanga.

Mwisho, mchoree mwigizaji mipaka sakafuni kwa chaki. Akiivuka, mwili wake unakatwa na modeli. Lakini mwambie aivuke mara moja taratibu, penye nguzo: ataingia nyuma ya nguzo ya boksi na kutoweka.