Nati ya giaboksi imegoma au imelika kona? Anza hivi

Kabla hujagusa nati ya chini ya kumwagia oili, fungua kwanza ile ya pembeni ya kujazia. Watu wengi wanafanya kinyume, wanamwaga oili yote halafu ndo wanagundua ya kujazia haitoki, gari iko juu ya stendi na giaboksi kavu. Ya kujazia ikigoma wakati oili bado imo ndani hujapoteza kitu, unaendesha mwenyewe mpaka kwa fundi.

Naongelea gia za kawaida, siyo otomatiki. Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi za manyuo nati zote mbili ni namba 24, tafuta soketi ya kona sita na mkono mrefu. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, weka mbali kabisa, na soketi ya kona kumi na mbili pia, hizo ndo zinazokula kona.

Zungusha gari dakika kumi hivi giaboksi ipate joto kidogo, isiwe la kuunguza. Bodi nyingi ni za alumini na nati ni chuma, alumini inatanuka zaidi ikipata moto kwa hiyo nati inalegea kidogo. Gari ikae sawa kwenye stendi, siyo jeki peke yake jamani. Sugua uchafu wote kwa brashi ya waya, puliza dawa ya kutu kuzunguka nati uiache ikae, ukiweza tangu jana yake. Halafu gonga kichwa cha nati kwa nyundo, mapigo machache ya moja kwa moja, ule mtikisiko unavunja kutu kuliko nguvu za mkono. Na ukiwa umelala chini ni rahisi kuchanganya upande, jifanye unaitazama nati uso kwa uso, kufungua ni kinyume na saa.

Kama kona zimeshalika, chukua soketi ndogo kidogo, 23 au 22, uigongelee kwa nyundo mpaka ikae kwa nguvu ndo uzungushe. Zipo pia soketi maalumu zenye meno ya kuzunguka ndani, zinauma zaidi kadiri unavyofungua, kama unaweza kupata ya saizi yako usihangaike na kingine. Zile nati zenye tundu la kona sita la kuingiza spana ya eleni zikilika ndani, gongelea biti ya nyota inayozidi tundu kidogo.

Ikishindikana, tindo. Weka ncha ukingoni mwa kichwa, piga kwanza wima ipate kovu, halafu ilaze na upige kuelekea upande wa kufungua. Inaharibu nati lakini nati mpya bei yake si kitu, kinachotakiwa kulindwa ni bodi maana alumini ikipasuka hapo ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo usivalishe bomba la mita mbili kwenye spana ukaning'inia, ukisikia inakuwa laini kama ulimi wa ng'ombe simama, inawezekana ni nyuzi za bodi zinatoka.

Cha mwisho ni kuchomelea nati kubwa juu ya ile iliyolika, moto wenyewe unailegeza. Hii mwachie fundi welda mzoefu, toa waya wa betri, futa oili na dawa yote ya kutu maana inashika moto, na uwe na kizima moto karibu.

Ikishatoka angalia nyuzi, safisha, weka nati mpya na washa mpya, ile pete ya kuziba oili isivuje. Washa ya zamani imeshabanwa, hata ukiikaza vipi inaweza kuvuja. Kwenye hizo Toyota kukaza ni kama Nm 37 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani mkono wa kawaida bila bomba. Jaza oili aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la pembeni gari ikiwa sawa, ikiisha kuchuruzika funga.