Kabla Hujanyanyua HiAce ya 4WD: Mambo ya Kuzingatia

Kabla hujaulizia bei ya spesa, vile vipande vya kunyanyulia gari, lala chini ya gari na tochi. Tafuta mikwaruzo. Siku hizi Dodoma hadi Kondoa ni lami, kwa hiyo hiyo mikwaruzo umeipata ulipoiacha barabara kuu: kwenye korongo la mchanga upande wa Chemba, au kwenye njia ya mashamba ya mpunga Bahi ambako malori yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Kila mkwaruzo unakwambia kitu, na ndio utakaoamua kama unahitaji kunyanyua gari au unahitaji kitu kingine kabisa.

Ukiukuta chini ya difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kunyanyua hakutakusaidia hata chembe. HiAce nyuma ina ekseli nzima iliyofungwa kwenye springi za pleti. Ukiweka bloku kati ya ekseli na springi au ukabadilisha springi, kinachopanda ni bodi. Ekseli inabaki palepale, na difu lake linaendelea kulima tuta kama zamani. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, nako faida ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tairi ya 195/80R15 ina kipenyo cha milimita 693 hivi. Ukipanda hadi 235/75R15 unafika 733. Hizo 40 zinagawanywa kwa mbili, kwa hiyo chini ya difu umeongeza sentimita mbili tu. Na dashibodi sasa inakudanganya: ikisoma 50, wewe uko karibu 53, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo pale kijijini hana habari na saizi ya tairi lako. Halafu HiAce hizi za kizazi cha 200 hazina gia nzito ya chini kama Delica au Land Cruiser, kwa hiyo tairi kubwa utaisikia kwenye vilima vya Mpwapwa ukiwa na mzigo.

Mikwaruzo ikiwa kwenye ngazi ya mlango, ekzosi au tairi la akiba linaloning'inia nyuma, hapo kweli kunyanyua kuna maana. Lakini subiri kidogo.

Pima kwanza. Tafuta sehemu tambarare, sakafu ya kituo cha mafuta inatosha, upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu. Kisha pakia kile unachobebaga kila wiki, iwe ni magunia ya alizeti au abiria na mabegi yao, upime tena. Van nyingi zinazolalamikiwa kuwa fupi si fupi, zimechoka. Springi za nyuma zimenyooka kwa miaka ya kuzidishiwa mzigo, pleti moja imekatika na hakuna aliyeiona. Springi mpya zenye nguvu ya kiwandani, au zilizoongezwa pleti moja kwa hesabu, zinakurudishia kimo chote ulichopoteza bila kugusa kitu kingine. Mtu akinambia anataka kunyanyua gari, namuuliza vipimo vyake. Kama hana, hajafika wakati wa kununua kitu.

Mimi niliruka hatua hiyo, na mbele ndiko kuliponikomesha. Mbele HiAce haina springi za koili. Ina toshen baa, vyuma virefu vinavyojisokota, na kila kimoja kina bolti ya kurekebishia kimo. Fundi mmoja aliziingiza bolti hizo jioni moja, gari likasimama mbele kama jogoo, tukapeana mikono. Ubaya wake ni kwamba baa haijaongezewa nguvu yoyote. Umehamisha tu pale inapoanzia kazi, na nafasi ya gurudumu kushuka inaliwa. Kila shimo, gurudumu linafika mwisho wa kamba na kugonga. Draivu shafti, vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele, nazo zinakaa kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa, na kwa kuwa 4WD ya HiAce ni ya muda wote, zinazunguka na kuvuta hata ukiwa kwenye lami. Haukupita muda nikakuta grisi imetapakaa ndani ya rimu, buti, mpira unaofunika kiungo cha shafti, imepasuka, na matairi ya mbele yamelika upande mmoja. Nilirudisha bolti nilikozitoa.

Kwa hiyo mbele usiende kwa tamaa. Sentimita tatu hadi nne ndipo wengi wenye akili wanapoishia. Ukitaka zaidi, utahitaji vifaa vya kushusha difu la mbele na mikono ya juu ya saspensheni iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na bei inabadilika. Alaimenti ifanyike siku hiyohiyo, na taa za mbele zirekebishwe, la sivyo utawamulika machoni wote wanaotoka Manyoni usiku.

Kuna jambo moja mafundi wengi hawaligusi. HiAce nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa kwa kijiti kutoka kwenye bodi hadi ekseli ya nyuma. Gari likishuka kwa mzigo, vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi, likipanda, inapunguza. Sasa wewe umenyanyua bodi. Vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa na gunia kumi, na breki za nyuma zinalegea wakati unazihitaji. Kabla ya kulipa hata shilingi, muulize fundi atakirekebishaje hicho kijiti. Akikuuliza kijiti gani, mshukuru, uondoke.

Akikijua, endelea kumuuliza. Shokapu zitakuwa ndefu kiasi gani? Mpira wa breki na nyaya za ABS zitafika gurudumu likining'inia? Yu-bolti zinazofunga ekseli kwenye springi ni mpya? Za zamani zilishavutika, hazirudishwi. Na bolti za bushi, zile raba za kwenye viungo, atazikaza lini? Jibu sahihi ni gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya stendi, bushi inajisokota muda wote na itakufa mapema.

Mchanga usiuchanganye na habari hii. Kwenye korongo, kushusha upepo hadi psi 20 hivi kunafanya kazi kubwa kuliko kunyanyua, na gharama yake ni pampu ndogo ya kurudishia upepo kabla ya kukimbiza gari.

Bima, waandikie kabla, si baada ya ajali. Gari la abiria lenye leseni ya LATRA, ulizia kwanza kama litapita ukaguzi likiwa hivyo. Na kama una keria juu, kumbuka van ni ndefu kwenda juu na ina ubavu mpana. Upepo wa ubavuni kuelekea Singida utauhisi zaidi ukiwa umepanda sentimita tano.

Panga kazi mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua za Desemba, ili upate muda wa springi kukaa na kurudi gereji baada ya kilometa 500 kukaza upya kila kilichofunguliwa. Pima tena siku hiyo, ulinganishe na vile vipimo vya mwanzo. Jaribu pia jeki iliyokuja na gari: mara nyingi haifiki tena, na tairi kubwa la akiba huenda lisiingie mahali pake chini ya gari. Ni vizuri kuligundua hilo nyumbani, mchana. Na mama mkwe akija kutoka kijijini, awepo mtoto wa kumwekea kigoda cha kupandia.