Pitisha mkono kwenye kochi kabla hujalala

Mimi ni fundi makochi, Keko, Dar es Salaam, na sigara navuta. Kwa hiyo sikuambii uache. Wa kukuambia hayo wapo wengi, mke wangu akiwemo.

Mama mmoja aliniletea kochi la watu watatu nibadilishe kitambaa. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na katundu, kidole changu cha mwisho hakipiti. Nilipochana kitambaa, ndani sponji imeliwa mpaka kwenye ubao, shimo la kuenea embe dodo, kingo nyeusi zinanata kama lami. Ndipo akakumbuka: kuna usiku walisikia harufu, wakadhani jirani anachoma taka, wakalala.

Walikuwa na bahati tu. Kipisi cha sigara kikidondoka kwenye kochi au godoro, hakitoi mwali pale pale. Kinafukuta. Ncha yake, hata usipoivuta, inapita nyuzijoto 500. Pamba inashika ule moto, sponji inaupokea chini, na unaweza kukaa humo saa kadhaa kabla haujalipuka. Wakati huo moshi wenye kaboni monoksidi, hewa ya sumu, unajaa chumbani. Usidhani utakuamsha. Aliyelala unamzidishia usingizi.

Kwa hiyo vutia nje. Kitandani usivute kabisa, na ukishapiga chupa mbili tatu usikae na sigara kwenye kochi. Macho yanafumba kabla ya vidole kuachia. Mzee wenu hawezi kutoka? Mwekeeni kiti cha mbao au cha chuma, kisicho na mto, na mtu akae naye mpaka amalize. Kama ndani kuna mgonjwa anayepumulia oksijeni ya mashine au mtungi, humo hakuna sigara wala kiberiti, hata mgeni awe shemeji.

Vipisi mimi naweka kwenye kopo la maziwa ya unga, nusu mchanga, limekaa chini ukutani. Kisosi hapana, upepo unapindua. Usichomeke kipisi kwenye chungu cha maua chenye makumbi ya nazi, yanafukuta vilevile. Wala usimwage majivu kwenye ndoo ya taka ya plastiki jioni hiyohiyo. Yamwagie maji kwanza, yalale nje.

Halafu, kabla ya kuzima taa, toa mito ya kochi na upitishe mkono kwenye ule mfereji kati ya kalio na egemeo. Huko ndiko vipisi vinakojificha. Nimeokota humo vipisi, njiti, na siku moja pete ya ndoa ambayo mwenyewe alishasingizia dada wa kazi.

Ukikuta pameungua, kikiwa kidoa tu, mwaga maji, chana, uangalie ndani, mwaga tena. Kochi lisilale ndani usiku huo. Lakini ukiona mwali au moshi mzito, usiburute godoro koridoni: litapata hewa, liwake zaidi, tena likuzibie njia. Toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 114, Zimamoto.

Na sisi wenye nondo madirishani na kufuli getini: ufunguo usilale kwenye mfuko wa suruali. Wangu uko kwenye msumari karibu na mlango, na hata mjukuu wa miaka sita anaufikia.