Inzi wa ndoana kwa manyoya ya jogoo wa Krismasi

Mimi hufunga inzi wangu (chambo bandia cha uzi na manyoya kwenye ndoana) hapa Kisumu jioni, stima ikiwepo, kisha nawapeleka Kericho kuwatafutia samaki aina ya trauti mtoni Kiptiget. Anza na inzi wa aina ya Woolly Bugger. Ni mkubwa, na hata ukimkosea samaki hamkatai.

Bana ndoana namba 8 kwenye jiliwa. Zungusha uzi mweusi wa cherehani kuanzia nyuma ya tundu la kupitishia mshipi hadi ndoana inapoanza kupinda. Mkia ni yale manyoya laini ya pajani mwa kuku, urefu sawa na mwili wa ndoana. Hapohapo funga waya mwembamba wa shaba (wangu ulitoka kwenye mota iliyoungua) na uzi wa sweta, wa kijani kibichi au mweusi. Rudisha uzi wa cherehani mbele, kisha ufuatishe wa sweta.

Sasa unyoya wa shingo ya jogoo. Ufunge mbele, uzungushe kurudi nyuma mara tano hivi, halafu leta waya mbele kwa mzunguko wa kinyume ukiukandamiza. Nenda polepole, ukiyumbisha waya kushoto na kulia, la sivyo vinywele vinalala chini na inzi anafanana na mswaki mzee.

Acha milimita mbili nyuma ya tundu! Mara ya kwanza nilijaza uzi mpaka mshipi ukakataa kupita, nikapoteza asubuhi nzima mtoni nikichokoa kwa pini.

Malizia kwa mafundo matatu na tone la kuteksi isiyo na rangi.