Jinsi ya kuchora ukoo wa Christian IV bila kujichanganya

Usianze na mfalme. Mimi nilianza naye, nikamweka katikati ya manila, na nusu saa baadaye mistari ilikuwa imepitana kama nyavu. Mwandike juu kabisa, mfalme wa Denmark na Norway, 1588 hadi 1648, kisha mwache. Kazi yenyewe iko kwa wake zake.

Kushoto, kwa kalamu nyeusi, weka Malkia Anna Catherine wa Brandenburg: ndoa 1597, kifo 1612. Chini yake wana watatu waliofika utu uzima, Christian, Frederik na Ulrik. Mchoree Christian nyota, kwani ndiye aliyechaguliwa kurithi, halafu ikate. Alifariki 1647, miezi michache kabla ya baba yake. Nyota inamwendea Frederik.

Katikati acha nafasi pana kwa Kirsten Munk, kalamu ya bluu. Huyu aliolewa 1615 kwa ndoa ya "mkono wa kushoto": mke halali, ila si malkia, na wanawe hawana haki ya kiti. Alizaa watoto 12. Wa mwisho, Dorothea Elisabeth wa 1629, mpe mstari wa nukta, maana mfalme alimkana. Kirsten alikuwa na mpenzi, ofisa wa jeshi Mjerumani.

Kulia anakuja Vibeke Kruse, hawara wa mfalme aliyekuwa mtumishi wa Kirsten. Shangazi yangu alipouona mshale huo aliweka kikombe chini.

"Msichana wake wa kazi?"

"Huyo huyo, shangazi."

Hawara wawili wa zamani, Kirsten Madsdatter na Karen Andersdatter, watoshee pembeni kwa penseli. Sasa angalia majina ya watoto wa kiume: Ulrik wa malkia, 1611, Christian Ulrik, 1611, Hans Ulrik, 1615, Ulrik Christian wa Vibeke, 1630. Akina Ulrik wanne, baba mmoja! Usiandike jina bila mwaka. Watatu wa nje ya ndoa waongezee Gyldenløve, yaani simba wa dhahabu.

Mwisho chukua kalamu nyekundu. Mtafute Leonora Christina, binti wa Kirsten aliyeolewa na Corfitz Ulfeldt, uvute mstari hadi kwa Frederik. Ulfeldt alihukumiwa kwa uhaini akawa mafichoni, na Frederik, ambaye sasa alikuwa mfalme, akamfungia dada yake katika Mnara wa Bluu, Copenhagen. Juu ya mstari andika 1663–1685. Frederik mwenyewe alikufa 1670. Leonora akabaki ndani.