Somo: Kumlisha rotifa na kumtazama akila

Rotifa ni mnyama kamili mwenye kinywa na tumbo, ingawa wengi wao hawafiki nusu milimita. Mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo alichokula unakiona kikiwa tumboni.

Hatua ya 1. Chota maji ya dimbwi pale penye majani yaliyozama na utando wa kijani. Acha chupa wazi siku mbili tatu, penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali.

Hatua ya 2. Nyonya tone karibu na majani, liweke kwenye slaidi (kipande cha kioo) chini ya hadubini. Anza na ukuzaji wa mara 40, ukimpata panda hadi 100.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Kichwani utaona kama magurudumu mawili yanazunguka. Hayazunguki: ni vinyweleo vinavyopiga kwa zamu, vikivuta maji na chembe kuelekea kinywani. Shuka kidogo, kuna kitu kinadundadunda. Wengi hudhani ni moyo, na rotifa hana moyo. Ni mataya yanasaga! Mimi huweza kuyatazama saa nzima. Kama amekula mwani, tumbo ni la kijani kabisa.

Hatua ya 4. Koroga hamira ya ncha ya kijiti katika kikombe cha maji, kisha tia chupani matone mawili matatu. Maji yakiwa meupe, umezidisha. Chakula kilichobaki huoza, bakteria humaliza oksijeni, na rotifa wote wanakufa. Nimepoteza chupa nyingi kwa kuzidisha chakula kuliko kwa kusahau kulisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, hamira peke yake inatosha?
Jibu: Wataishi na kuzaana, ila lishe yao ni pungufu. Wanaokuza vifaranga vya samaki wa baharini wanalijua hili: rotifa wa hamira tupu hana mafuta ya omega-3 ya kutosha, na kifaranga anayemla hudhoofika. Ndiyo maana rotifa hulishwa kwanza mwani au mafuta maalumu.

Swali: Ni kweli chakula kinambadilisha umbo?
Jibu: Kweli, ndugu yangu, na hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Kuna rotifa mwindaji, Asplanchna, anayekula rotifa wenzake. Vitamini E, inayotengenezwa na mwani, humfikia kupitia mawindo yake. Akiikosa, hubaki mdogo mwenye umbo la mfuko, na majike huzaa majike bila dume. Akiipata, watoto wake huota vinundu mwilini, na madume huanza kuzaliwa.

Swali: Wangu wametoweka ghafla. Nimwage maji?
Jibu: Usimwage. Nusa kwanza, kama hayanuki uozo, chunguza mashapo ya chini. Mambo yakibadilika, baadhi ya rotifa hutaga mayai yenye ganda nene, yanayoweza kukaa miaka kabla ya kuanguliwa. Weka maji safi yasiyo na klorini juu ya mashapo hayo, kisha subiri.